Duara la Zuwena

Usingizi wa Bi Mwanaidi ulikuwa wa saa nane mchana. Usiku alilala kama watu wengine, lakini usingizi wa usiku haukuwa na kitu ndani yake. Ule wa mchana, baada ya sala ya adhuhuri na sahani ya wali, ndio uliokuwa na watu.

Aliulala akiwa amekaa, kwenye kiti cha kamba nyuma ya mlango wa nakshi wa nyumba ya baba yake, Kilwa Kivinje. Ubao mmoja wa mlango ulifungwa, mmoja uliachwa wazi, na upepo ukaingia na harufu ya dagaa wanaokauka na ule mvumo wa mivinje ambao mgeni huudhani mvua. Macho yakimlegea, marehemu mume wake alipita mara moja moja, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, akiuliza kama chai imeiva. Mdogo wake Zuwena alikuja karibu kila siku. Yeye hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kidato cha chini cha mlango, pale ambapo jiwe hushika joto la jua, akanyoosha miguu, akafumba macho. Alikuwa bado na miaka kumi na tisa. Bi Mwanaidi alikuwa na sitini na mitatu.

Mjini walimwita Mwalimu. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha baiolojia sekondari, na wapo madaktari wawili na mabwana shamba wasio na idadi waliomjua Mendeli na mbaazi zake kupitia chaki ya mkono wake. Mume wake, Yunusu, alipofariki, watu walitazamia auze nyumba na kuhamia Dar es Salaam kwa ndugu. Hakuuza. Alipaka chokaa upya, akasugua shaba za mlango, akakaa eda yake yote bila kupunguza siku, na aliporudi kwenye shughuli za watu alikaa mbele, mgongo umenyooka. Nyumba ya Mwinyi Bakary, alipenda kusema, haijatoa mwizi, haijatoa mwombaji, na haina ugonjwa wa kurithi. Hayo matatu aliyatamka kwa mpangilio huo, kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi.

Alikuwa na watoto wawili. Majid, wa kwanza, miaka thelathini na tatu, alinunua pweza Somanga na kuwapeleka viwandani wakiwa kwenye barafu. Aliishi chumba cha uani na mkewe, Somoe, binti wa wakulima wa Mitole, pamoja na mtoto wao Hawa wa mwaka mmoja na nusu. Wa pili, Siti, alikuja nyuma sana, wakati mama yake ameshaacha kuhesabu miezi. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na likizo ndefu ya mwaka ule ndiyo iliyoleta mambo yote haya.

Siti alichaguliwa kwa mafunzo ya utafiti wa vinasaba, wiki nane, kwenye mradi wa selimundu uliofungua maabara ndogo mjini Lindi. Walioomba walikuwa mia na zaidi. Waliopata walikuwa sita. Bi Mwanaidi alipopigiwa simu alimwambia muuza maandazi kabla hajamwambia mwanawe wa kiume. Ijumaa ya kwanza Siti alirudi nyumbani na koti jeupe lililomfika magotini, akalivaa sebuleni ili mama yake amtazame.

"Shikamoo, mama. Nimependeza?"

"Marahaba. Umependeza kama imamu. Hawakuwa na la saizi yako?"

"La saizi yangu amevaa Xaveri. Ni mfupi kuliko mimi ila amewahi."

Akaeleza kazi zao. Siku tatu za mwanzo hawakugusa damu ya mtu. Walivuta maji ya rangi kwa pipeti, tone kwa tone, hadi vidole vikafa ganzi. Xaveri, kijana wa Ndanda, alimwaga maji mekundu kwenye daftari la Siti, kisha akatangaza kuwa hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya mradi. Siku ya nne Daktari Veronika, mkuu wao, aliwagawia karatasi kubwa. Kabla ya kwenda vijijini kuchora miti ya koo za watu, kila mmoja achore wa kwake, vizazi vinne.

"Alisema, kabla hujaingia nyumbani kwa mtu kumwuliza habari za wafu wake, kaa kwanza na wako," Siti alisema. "Mwanamume ni mraba, mwanamke duara. Aliyefariki anapigwa mstari. Mwenye selimundu anajazwa weusi."

"Nafahamu, mwanangu. Nilifundisha hayo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wakakaa chini kwenye mkeka, karatasi katikati. Bi Mwanaidi alitaja na Siti akachora. Mwinyi Bakary, baba yake, mraba, mstari. Mkewe wa kwanza, mkewe wa pili. Mwanaidi, duara. Yunusu, mraba, mstari. Majid, mraba, wa kwanza wao. Siti, duara. Kalamu ilikwenda vizuri hadi ikasimama.

"Mama mdogo Zuwena. Alifariki na nini?"

"Homa."

"Homa gani?"

"Homa ya siku zile, Siti. Siku zile watu walikufa na homa, hawakufa na majina."

Siti akachora duara, akalipiga mstari, akaliacha jeupe.

Jumatatu alirudi Lindi na karatasi yake. Ijumaa iliyofuata akaja nayo imetiwa saini ya Daktari Veronika na neno "Safi". Alikuwa akicheka.

"Xaveri kanitania mbele ya watu wote. Eti nyie watu wa Kilwa mkiulizwa ukoo mnaanzia Shirazi, mkiulizwa magonjwa mnasahau hata jina la mama."

"Mwambie hao Wamwera wenzake babu zao hawajulikani ng'ambo ya mto wa tatu."

"Nimemwambia. Kasema mto wa nne."

Bi Mwanaidi alicheka naye, kisha akaichukua ile karatasi, akaibandika ukutani sebuleni, kando ya picha ya Yunusu, mahali ambapo mgeni akiketi ndipo macho yake yanapotua. Ilipendeza. Miraba na maduara yalining'inia kwa mistari yake kama vikombe vilivyooshwa vizuri, vyote vyeupe.

Mchana ule Zuwena alikuja akakaa mahali pake. Alimpa dada yake mgongo.

Hawa alikuwa mtoto wa kuumwaumwa tangu alipoota meno. Mara vidole vya mikono vilivimba na kung'aa kama vya mtu mzima mnene, mara macho yakageuka manjano. Somoe alimbeba huku na huko, na mwezi wa nane, homa ilipopanda, wakamlaza hospitali siku sita. Huko ndiko alikopimwa. Majid alikwenda kuchukua majibu, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mapajani mwa mama yake.

Bi Mwanaidi aliisoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili.

"Wamesema ni ya kurithi," Majid alisema. "Kwetu hakuna kitu hicho, sivyo, mama?"

Alikuwa amesimama chini ya picha ya Yunusu. Bi Mwanaidi angeweza kusema lolote wakati ule. Mvumo wa mivinje uliingia, ukatoka.

"Kwetu hakuna," alisema.

Maneno hayo mawili yakatembea. Kufika Alhamisi yalikuwa yamefika kwa Bi Sikudhani, dada wa marehemu Yunusu, mwanamke mwenye miguu mibovu na masikio mazima. Alikuja na bodaboda, akashushwa kama gunia la thamani, akaingia bila kuvua ushungi.

"Wifi, hujambo? Nimesikia mtoto wa kaka yangu ameletewa maradhi ndani."

"Karibu, wifi. Kaa kwanza."

"Nakaa, nakaa. Miguu yangu ndiyo haitaki, mimi nataka." Alipoketi, macho yake yakatua pale pale pa wageni. "Hiki ndicho kile kitu cha Siti? Nisomee, mie sikusoma."

Majid akamsomea. Huyu babu, huyu bibi, huyu baba. Weusi ni wagonjwa.

"Na weusi uko wapi?"

"Haupo, shangazi."

"Haupo!" Bi Sikudhani akapiga paja lake kofi. "Basi nini tena? Binti yenu mwenyewe, msomi, kachora kwa mkono wake. Ugonjwa umetoka shambani. Mimi simchukii Somoe, jamani, anapika vizuri. Ila aende kwao akapumzike kidogo. Apumzike na mtoto, watu wazima wazungumze."

Somoe alikuwa mlangoni mwa ua, ameshika sinia la vikombe. Alijua, kama wanavyojua wanawake wote wa upande ule, maana ya kupumzika kwa mke kwa wazazi wake bila tarehe ya kurudi. Aliweka sinia chini, akawakaribisha chai kwa sauti ya kawaida, akarudi jikoni. Siku ya kuondoka ikapangwa kuwa Jumapili.

Siti alipofika Ijumaa alikuta habari imeshaiva. Alivua viatu, akamfuata kaka yake uani, na Bi Mwanaidi aliwasikia kupitia dirisha la jiko.

"Kaka Majid, haiwezi kutoka kwa Somoe peke yake. Nisikilize. Mtoto hawi na selimundu mpaka apokee kinasaba kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Kimoja kimoja. Wewe unacho, na Somoe anacho, na nyote wawili hamuumwi."

"Ninacho nimekipata wapi? Dukani?"

"Kwa mmoja wa wazazi wako."

"Yupi? Umechora mwenyewe, Siti. Daktari wako kaandika safi. Au ulikuwa unachora maua?"

"Nimeandika nilichoambiwa. Tupime basi. Ni tone la kidole, dakika kumi. Vipimo ninavyo kwenye mkoba, Jumatatu tunakwenda navyo vijijini. Nitamwomba ruhusa Daktari Veronika kwa simu. Nakupima wewe, nampima mama."

"Mimi sipimwi ili nimwambie shangazi kuwa baba yangu aliyelala kaburini alikuwa na maradhi. Wala mama humpimi. Heshima ya watu hii, siyo maji yako ya rangi."

Bi Mwanaidi alikuwa ameshika mwiko. Alikuwa amefanya hesabu hiyo siku ile ile ya karatasi iliyokunjwa, kwa haraka ya mtu aliyeisahihisha kwenye madaftari elfu. Majid akipimwa ataonekana amekibeba kile kinasaba. Yeye Mwanaidi akipimwa, huenda akaonekana hanacho. Atabaki Yunusu, na Yunusu hawezi kupimwa, na Bi Sikudhani hatakubali kamwe. Mjini hapa watu watakaa barazani na kutafuta jibu lao wenyewe, na jibu ambalo watu hulipata upesi ni lile la mwanamke aliyetoka nje ya ndoa. Ama asubiri hilo. Ama aseme kweli, na kweli ilikuwa na aibu yake, na iliweza kumpokonya mwana.

Kwa sababu hakumzaa Majid.

Hilo walilijua watu wachache tu, na wote isipokuwa yeye walikuwa wamekufa. Yeye alikuwa ameolewa miaka minne, tumbo halijashika. Zuwena alikuwa nyumbani, msichana mwembamba mwenye macho ya manjano, aliyekosa shule wiki mbili kila mwezi. Maumivu yalipomkamata alilia hadi sauti ikaisha, na kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa joto. Watu walisema ana jini la baridi. Mama yao alimpeleka ufukweni saa za jua, akamfukia miguu kwa mchanga wa moto hadi mapajani, na Zuwena angelala pale, nusu mtu nusu mchanga, akitabasamu. Kisha akaja kijana wa kazi za barabara, akakaa miezi mitano, barabara ikasogea naye akasogea nayo. Tumbo la Zuwena likabaki.

Mwinyi Bakary hakupiga kelele. Aliwapeleka binti zake wawili Somanga, kwenye nyumba ya rafiki yake, na kutangaza kuwa Mwanaidi ni mjamzito, anahitaji kutulia, na mdogo wake amekwenda kumhudumia. Yunusu aliambiwa kweli. Alifikiri siku nzima, akasema, "Mtoto ni mtoto." Zuwena alijifungua alfajiri, akaishi siku kumi na mbili. Siku ya kumi na moja alimweka mtoto kwenye mapaja ya dada yake na kusema, kwa sauti isiyozidi pumzi, "Mshike vizuri, ana baridi." Yeye ndiye aliyekuwa na baridi.

Na hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo Bi Mwanaidi hakuwahi kuliweka kwenye somo lolote. Mtoto alilia njaa. Bibi wa nyumba ile, mkunga wa zamani, alimchemshia Mwanaidi uji wa mtama na mchuzi wa kasa wenye mti wa dawa alioujua mwenyewe, akamwambia, "Mwekee ziwa. Mwekee tu." Akamwekea, mchana na usiku, ziwa kavu. Siku ya tisa ya kumwekea, akiwa katikati ya usingizi na macho, alihisi kitu kama kamba inafunguliwa kifuani, na mtoto akameza. Alimeza kwa sauti. Maziwa yalikuja kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia kuwa yule si wake, na yeye mwenyewe aliacha kujiambia.

Jumamosi mchana nyumba ilikuwa kimya. Uani mzigo wa Somoe ulikuwa tayari umefungwa kwa khanga, umewekwa juu ya ndoo ili usipate vumbi. Bi Mwanaidi alitoka kwenda kwenye kiti chake na kumkuta Hawa peke yake kwenye kidato cha chini cha mlango. Alikuwa ametambaa hadi kwenye jiwe la joto, akakaa, akanyoosha miguu, akafumba macho.

Bi Mwanaidi alisimama. Kwa muda hakujua kama ameshalala au bado.

"Hupenda hapo, mama," Somoe alisema nyuma yake. "Akianza kuumwa anatafuta jua. Juzi nilimpeleka ufukweni nikamfukia miguu kwenye mchanga wa moto, akanyamaza akalala. Sijui nani kanifundisha, nimeona tu mtoto anataka joto." Akainama kumchukua. "Samahani, nitamtoa, unataka kupumzika."

"Mwache," Bi Mwanaidi alisema. "Mwache akae."

Akaketi kwenye kiti cha kamba. Usingizi ulimjia mara moja, na Zuwena alikuja kama kawaida, akakuta mahali pake pana mtu. Hakushangaa. Alisogea kidogo kwenye ukingo wa jiwe, akakunja khanga yake chini ya magoti, na wakakaa wawili pale, mkubwa na mdogo, miguu imenyooka sawasawa kuelekea jua. Kisha Zuwena aligeuza uso, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, akamtazama dada yake. Hakuwa na hasira. Alitazama kama mwanafunzi anayejua jibu na anamsubiri mwalimu aulize.

Alipozinduka, kivuli kilikuwa hakijasogea hata shubiri moja. Alisimama, akaenda sebuleni, akabandua ile karatasi ukutani, akaitandaza mkekani. Akaita.

"Siti! Njoo na kalamu."

Siti akaja, mikono ina unga.

"Mtoto aliyezaliwa na huyu akalelewa na yule, mnamchoraje?"

"Wa kulea? Iko alama yake, mama. Mstari mzima unakwenda kwa aliyemzaa. Kwa aliyemlea unakwenda mstari wa kukatakata."

"Aliyenyonya maziwa yake pia?"

Siti alianza kujibu, akaacha. Alitazama karatasi, akamtazama mama yake, akatazama karatasi tena. "Maziwa hayana alama, mama," alisema taratibu. "Ni huo huo wa kukatakata."

"Mbaya. Mwambie Daktari Veronika hapo pana upungufu." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu. Kamwite kaka yako. Mwite na Somoe. Na umpigie shangazi yako simu, mwambie bodaboda nalipa mimi."

Walipokusanyika, Bi Sikudhani akihema kwenye kiti, Majid amesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, Bi Mwanaidi alikuwa bado amekaa chini mkekani, mgongo umenyooka kama darasani. Hakuzunguka. Aliweka ncha ya kalamu kwenye duara la mdogo wake na kuanza kulijaza weusi, polepole, bila kutoka nje ya mstari.

"Huyu ni Zuwena," alisema. "Hakufa na homa. Alikuwa na hii hii ya Hawa, na sisi tuliita jini, na mimi niliposoma nikalijua jina lake nikanyamaza, kwa sababu mwenye nyumba yenye jina hataki kuandika jina la ugonjwa ukutani." Kalamu ikashuka kutoka kwenye lile duara jeusi, mstari mmoja mzima, hadi kwenye mraba wa mtoto wa kwanza. "Na huyu ni mwanawe. Alimzaa Somanga, hana mume. Aliishi naye siku kumi na mbili."

Akaufuta mstari uliotoka kwake na Yunusu kwa kuukata vipande vipande, kimoja kimoja, kama anayekata uzi.

"Mimi niko hapa."

"Astaghfirullah," Bi Sikudhani alisema. Halafu, "Kaka yangu alijua?"

"Alijua siku ya kwanza. Alisema mtoto ni mtoto."

"Basi huyu si damu yetu! Miaka yote hii namkuna mgongo mtoto wa..."

"Wifi." Sauti ya Bi Mwanaidi haikupanda. "Nyumba uliyokaa ni ya baba yangu na ya baba yake Zuwena. Majid yuko kwa mama zake wote wawili. Aibu ni yangu, nimeileta mwenyewe mezani. Usiigawe kwa mtu mwingine. Na Somoe hajaleta kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Hicho ndicho nilichokuitia."

Somoe alikuwa amekaa kizingitini, Hawa mapajani. Alificha uso kwenye nywele za mtoto.

Majid hakutazama mtu. Alipita katikati yao, akatoka mlango wa mbele, na wote wakasubiri kusikia pikipiki. Haikuwaka. Bi Mwanaidi aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda mlangoni. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kidato cha chini, mtu mzima wa mwili, magoti yamemfika kifuani, kiganja kimewekwa juu ya jiwe.

Alikaa naye. Jua lilikuwa limeanza kulainika na mivinje ilivuma ule mvumo wake wa mvua isiyonyesha.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Majid aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Mimi namzidi."

"Kwa miaka kumi na minne."

Akalipapasa lile jiwe. "Nafanana naye?"

"Miguu," alisema Bi Mwanaidi. "Na kukasirika kwa kunyamaza."

Majid akatoa pumzi iliyokuwa na kitu kama kicheko ndani yake. "Na hayo maziwa uliyomwuliza Siti. Kanieleza njiani. Ulikuwa hujazaa."

"Sikuwa nimezaa."

"Yalitoka wapi?"

Mwalimu wa baiolojia wa miaka thelathini na moja alitazama barabara, akatafuta jibu, akaliona na kuliacha. "Ulikuwa na njaa," alisema.

Halafu Majid akaita bila kugeuka, "We daktari wa maji ya rangi! Hicho kipimo chako kina dakika kumi kweli, au ndiyo zile za kuchora maua?"

Siti, ambaye alikuwa ameshazungumza na Daktari Veronika na kupewa ruhusa, alikuja na kiboksi chake na kinga za mikono zinazompwaya. Kaka yake akamnyooshea kidole. Siti akachoma, tone likatokea, dogo, jekundu, la kung'aa, akalivuta kwa ustadi wa wiki sita bila kumwaga. Somoe alitoka na kusimama nyuma yao. Alipoona uzi wa pili, ule wa aliyebeba kinasaba, ukijichora kwenye kikaratasi, taratibu, kama mtu anayeandika kwa kufikiri, aliingia ndani tena. Wakasikia fundo la khanga likifunguliwa na ndoo ikirudishwa bombani.

Jumatatu mtoto alianzishiwa dawa, na baba yake ndiye aliyempeleka. Siti alirudi Lindi kumalizia wiki zake mbili, akiwa na karatasi yake iliyochorwa upya. Siku ya mwisho kila mwanafunzi alisimama mbele ya wageni na kueleza alichojifunza. Yeye alieleza kwamba mti wa ukoo husomwa kwa makini zaidi pale ulipo msafi kupita kiasi, na kwamba asiulizwe amejuaje. Xaveri alipiga makofi kuliko wote.

Ile ya kwanza ilirudi ukutani, kando ya Yunusu, pale pale pa wageni. Bi Sikudhani alikaa mwezi mzima bila kukanyaga nyumba ile, kisha akaja, kwa sababu Somoe anapika vizuri. Alikula, akanawa, akaielekezea kidevu ile karatasi.

"Wifi, hutaondoa hicho? Wageni wakiuliza?"

"Wakiuliza nitawasomea," alisema Bi Mwanaidi.

Ilikuwa inakaribia saa nane. Aliondoka kwenda kwenye kiti chake, akavuta ubao mmoja wa mlango, akaacha mmoja wazi. Kwenye kidato cha chini Hawa alikuwa ameshalala, miguu juani. Kando yake, kwenye ukingo wa jiwe, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba.